Vitabu vya Bosi na Msimu Aliopitwa Kaka

Bosi wetu mpya alipofika ofisini, hapa Homa Bay, hakuja na picha ya familia wala kikombe chake cha chai kama waliomtangulia. Alikuja na vitabu. Alivipanga dirishani, majina yakitazama mlangoni, ili kila anayeingia kuomba ruhusa ya kwenda mazishini asome kwanza jinsi ya kuitumia vyema siku yake. Sisi watu wa huku tunazika sana. Hakukaa muda akalielewa hilo, na vitabu vikaongezeka.

Jumatatu asubuhi alitukusanya tukiwa tumesimama, maana alikuwa amesoma mahali kwamba mkutano wa kusimama huwa mfupi. Haukuwa mfupi.

"Watu wangu," alisema, "shida yetu si pesa. Shida yetu ni maindseti."

Tukatazamana. Kuanzia siku hiyo, kila mwezi alitupendekezea kitabu kimoja kwenye kikundi cha wasapu, na mwezi ukiisha kila mmoja alitakiwa kusimulia alivyobadilika. Mimi si mtu wa kubadilika haraka. Nimefika umri huu bila mume, sitaki kuulizwa kwa nini, na nywele zangu nazisuka mtindo uleule tangu chuo. Lakini kazi ni kazi. Nikaenda kwa kijana anayeuza vitabu juu ya gunia karibu na stendi, nikanunua nakala zake zenye majalada yaliyofifia, nikaanza kujiboresha.

Jioni ya kwanza nilipita dukani nimevikumbatia. Mwenye duka la jirani na ninapopanga ni mtu wa Pwani aliyehamia Homa Bay kitambo. Kijaluo anakijua chote ila matusi, na mimi nadhani hayo pia anayajua.

"Vitabu vya nini hivyo, bibie?"

"Vya kujisaidia."

Alicheka hadi akashika meza. "Subhana! Kwetu mtu akienda kujisaidia anabeba maji, habebi kitabu. Sema vya kujiboresha, dada, watu watakuelewa vibaya."

Tangu hapo salamu yake kwangu ikawa, "Umejiboresha leo?" Nami nikamjibu kwamba bado napanga foleni.

Majina ya vitabu hivyo sitayataja. Vingine nimevisahau, na vilivyobaki vinafanana kama watoto wa mama mmoja: hiki kinakuahidi utajiri, kinachofuata kinakufundisha utulivu baada ya kuukosa ule utajiri. Kimoja kilikuwa na ngazi kwenye jalada. Kiliniambia waliofanikiwa wote huamka kabla jua halijachomoza. Mama yangu ameamka kabla ya jogoo maisha yake yote, na bati la nyumba yake linavuja. Kingine, chenye tai, kilinishauri nichague kwa uangalifu watu wachache wa kuwa nao, niwaepuke wanaonirudisha nyuma. Nikajiuliza mwandishi huyo alizaliwa wapi ambapo watu huchaguliwa. Mimi nilizaliwa katikati ya watu wangu kama jiwe la mafiga, sikuulizwa.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Kulikuwa na kimoja chembamba, jalada la kijivu, ambacho hakikuniahidi kitu. Kilisema tu umalize jambo moja kabla hujashika la pili, na ukiwa unakula, ule. Nikaacha kupokea simu nikiwa na tonge mkononi. Hadi leo mtu akiniuliza kitabu cha kusoma, huwa natamka hicho. Vile vingine ningevirudishia gunia lake, kama kaka yangu hangekuja.

Kaka yangu mkubwa ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu. Kwetu ni upande wa Uriri, si mbali na Awendo, ambako macho yako yakitazama kushoto ni miwa na yakitazama kulia ni miwa. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kidogo cha sukari nguru, kile cha mtu binafsi, chenye mtambo unaopiga kelele na moshi wa makapi. Mwenye kiwanda alizeeka, watoto wake hawakuutaka mtambo, akauuza. Hakuna aliyekosewa. Kaka akarudi nyumbani na kalamu yake kwenye mfuko wa shati, akaketi mbele ya nyumba yake kana kwamba anasubiri mzigo upite apime.

Aliketi hivyo muda mrefu. Hakulewa, hakugombana. Alinyamaza tu. Ukimsalimia anaitikia, ukimwachia chakula anakula nusu. Kisha tumbo likaanza kumuuma, akaja Homa Bay hospitalini, akalala kwangu. Daktari alisema ni vidonda vya tumbo na mawazo, akampa dawa ya vidonda. Ya mawazo hakuandika.

Ni siku hizo alizokuwa kwangu ndipo alipoviona vitabu juu ya kabati. Sikumpa. Nilirudi kazini nikamkuta mlangoni, miguu ameinyoosha kwenye jua, kitabu cha tai kimefunguliwa mapajani. Nilimpikia omena, akala sahani yote. Kesho yake akashika cha ngazi. Wakati wa kuondoka alivifungasha vyote isipokuwa kile chembamba, ambacho alisema hakina kitu ndani.

"Nyaminwa," aliniambia, akimaanisha dada yetu, "huku kuna dawa."

Nilifurahi, sitaficha. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wa kaka niliuona ukipumua tena.

Krismasi nilipoenda nyumbani nilimkuta mtu mwingine. Sauti ilikuwa imerudi, tena nyingi. Alikuwa na neno kwa kila jambo. Ukisema jua ni kali, anakuambia jua halina ukali, ukali umo ndani yako. Ndugu yetu mdogo, anayelima na kufuga kidogo na mwenye watoto wengi, alimsikiliza kwa adabu kwa sababu ni mkubwa wake. Mke wa kaka alisikiliza kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Asubuhi moja mumewe alimtaka aseme mambo matatu mazuri kuhusu yeye mwenyewe kabla ya kuanza siku.

"Nimeamka," alisema wifi yangu, "nimechota maji, nimepika uji. Yametimia."

Sote tulicheka, kaka pia. Lakini mwaka mpya haukuwa umepata hata jina, wifi akafunga nguo zake akaenda kwa kaka yake, Ogwedhi, kule mpakani ambako watu wa Narok huleta ng'ombe. Alisema anaenda kumuuguza mama yake. Mama yake kweli alikuwa mgonjwa. Ila mtu anayekwenda kuuguza habebi sufuria.

Kisha mvua ikanyesha, na hapa yafaa nieleze jambo kwa wasio wa kwetu. Kwetu mbegu ina foleni. Tunasema kutoa mbegu. Anaanza Mama, kwa kuwa boma liko mikononi mwake tangu Baba afariki. Anafuata kifungua mimba, kisha ndugu zake kwa jinsi walivyotoka tumboni. Mimi binti sihesabiwi kwenye foleni hiyo. Mdogo akimtangulia mkubwa, amempita, na anayempita nduguye amemhesabu miongoni mwa wafu, kwa maana hakuna anayepitwa akiwa hai. Tena mkubwa hatoi mbegu peke yake. Usiku wa kuamkia kupanda, mume na mke hulala nyumba moja, na yaliyobaki si ya kuandika. Wengi siku hizi wanasema wameacha mambo hayo. Wanayasema hasa wakiwa mjini.

Mama yangu ni mtu wa kanisa, ana sare ya akina mama na kiti chake cha mbele. Mchungaji akikemea mila, anaitikia Amina kwa sauti. Mvua ikinyesha, anasubiri. Alipanda kipande chake siku ya kwanza ya mvua, akafuta jembe, akatazama nyumba ya mwanawe mkubwa. Kaka alikuwa mlangoni, anasoma. Mke hayupo. Shamba lake limelimwa na ng'ombe wa ndugu mdogo, limelala wazi, na la ndugu mdogo liko kando yake, wazi vilevile. Njia ya kuingilia nyumbani inapita katikati ya mashamba hayo mawili, kwa hiyo kila aliyekuja aliona.

Wahenga wetu wa Kiswahili walituachia yote mawili, subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakutuambia lini ni lini. Mahindi ya majirani yaliota. Ndugu mdogo hakumlaumu mtu. Alianza tu kuzunguka kwa njia ya mbali akienda kisimani, ile isiyopita kwenye mashamba ya wenzake, kwa sababu hakutaka kuyaona. Ana watoto wa kulisha na hana mshahara wa ofisi. Kila mmoja wetu alijua msimu ukipita atakula nini: hakuna.

Nikaomba ruhusa ofisini. Bosi aliuliza ni mazishi ya nani safari hii. Nikamwambia bado.

Siku niliyofika Ogwedhi kumtafuta wifi ilikuwa ya soko. Ng'ombe walijaa hadi barabarani, wachungaji wa Kimaasai wameegemea fimbo zao, wafanyabiashara wanapapasa migongo ya mafahali wakijifanya hawawataki. Wifi yangu nilimkuta chini ya turubai anauza chai na mandazi. Alikuwa amepungua, lakini alikuwa anacheka na wateja, na hilo liliniumiza kuliko kama ningemkuta analia.

"Karibu, wifi," alisema, akanipa kikombe kabla sijaketi. "Nilijua mtanitumia mtu."

"Hakuna aliyenituma. Mvua imenituma."

Alitazama anga. Kule pia mvua ilikuwa imenyesha.

"Wifi, mimi sikukimbia njaa," alisema. "Njaa tumezoeana. Nilichoka kuishi na mtu anajirekebisha kila siku kama baiskeli na haendi popote. Nikimwambia unga imeisha, ananiambia nisitumie maneno ya upungufu. Sasa niseme nini? Unga imejaa?"

Nilicheka, na yeye akacheka, kisha akafuta macho kwa pindo la leso.

"Anakupenda," nikasema.

"Najua. Hata mimi nampenda huyo mjinga. Lakini tangu kazi iishe hajawahi niambia anaumia. Mtu akikwambia anaumwa mguu, si unamkanda? Huyu ananiambia yuko kwa safari ya ukuaji. Nitamkanda wapi?"

Nimesoma vitabu vyote vile na hakuna kilichosema jambo la maana kama hilo, chini ya turubai, mbele ya birika.

Tulikaa hadi ng'ombe wakaanza kutawanyika. Mwishowe alinishika mkono. "Mama yangu bado hajasimama. Akisimama tu, nitakuja. Mwambie ajue nitakuja, tutoe mbegu. Mwambie asiende mahali."

"Nikupigie kwa namba gani?"

"Simu ni ya kaka yangu, anaenda nayo minadani. Na ukimpata hatakupatia jibu nzuri, hataki nirudi. Usijisumbue. Nikisema nitakuja, nitakuja."

Nilimwamini, na hadi leo sioni kosa katika kumwamini. Nilifika nyumbani giza halijaingia, nikampelekea kaka ujumbe kama ulivyo. Alinisikiliza huku akitabasamu, tabasamu lile jipya ambalo sikulizoea.

"Atakuja," nikasema tena.

"Huenda," alisema. "Lakini ukiyaweka maisha yako mikononi mwa mtu anayekuja, nyaminwa, umeyaweka njiani. Si yake tu. Ya wengine pia."

Nilidhani ni maneno ya kitabu, nikayaacha yapite. Mama, aliyesikia yote akiwa jikoni, alianza kupepeta mbegu za mahindi za kaka. Alizipepeta siku ile, na kila nilipopiga simu wiki zilizofuata aliniambia anapepeta. Zilikuwa safi kiasi kwamba hakukuwa na cha kupepeta.

Wifi hakuja. Mvua haikumngoja. Nilirudi nyumbani Jumapili moja, tukaketi nje ya nyumba ya Mama baada ya kanisa: Mama, kaka zangu wote wawili, na mimi. Tulikuwa tumekula ugali wa unga wa duka. Ndugu mdogo aliinuka kwenda kuwanywesha ng'ombe, akachukua ile njia yake ya mbali. Kaka alimtazama hadi akatokomea nyuma ya ua. Alipoanza kurudi, akamtazama tena. Kisha akasimama. Alikuwa na shati jeupe la kanisani, na sauti yake ilikuwa safi, haina mchezo.

"Omera," alimwita ndugu yake, "kadha."

Kwa Kiswahili kadha ni idadi isiyojulikana, vitu kadha wa kadha. Kwa Kijaluo ni neno la kumwambia mtu mmoja tu: nipite.

Ndugu mdogo aliweka ndoo chini. "Usiseme hivyo."

"Nimefikiri. Nimefikiri vizuri. Mtu mkubwa ni yule anayejua kuachilia. Nimekushikilia, na watoto wako wanalala na uji mwepesi kwa sababu mimi nangoja. Sitaki tena kuwa mlango uliofungwa mbele yako. Panda kesho."

"Nitangoja. Wifi amesema anakuja."

"Panda kesho, omera. Kama unaniheshimu, panda."

Mama alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha. Hakupaza sauti. "Rudisha hilo neno," alisema.

"Mama, ni neno tu."

"Ulilijua ukiwa mtoto mdogo. Hukulisoma. Lirudishe."

"Mama, mimi niko hai kuliko nilivyokuwa mwaka jana. Niangalie."

Alimwangalia, na mimi nikamwangalia. Alikuwa anasema kweli. Uso wake ulikuwa umetulia, mabega yamenyooka, macho yanang'aa kama ya mtu aliyetua gunia. Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kumkumbatia, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuwa ametoa kitu kikubwa namna hiyo, na alikitoa kwa furaha. Sikufanya lolote. Mama alivuta leso akajifunika kichwa, akaingia ndani.

Ndugu mdogo alipanda siku iliyofuata. Nilichelewa kurudi kazini ili nimwone. Mke wake alifuata nyuma akidondosha mbegu, na hakuna aliyeimba wala kuzungumza. Walifukia mashimo kwa mguu, wameinamisha vichwa. Kaka aliwapelekea maji ya kunywa. Aliwapongeza kwa mistari kunyooka. Nami niliketi kibarazani nikiwa na hasira, nisijue nimpelekee nani. Ningewalaumu waandishi wa vitabu, lakini wao hawajui kwamba sisi tupo. Ningeilaumu mila, lakini ndiyo iliyotulea, na Baba amelala chini yake. Maji yalikuwa yamemwagika, na hayazoleki.

Tangu siku hiyo kaka aliendelea vizuri mno. Tumbo lilipona. Aliamka alfajiri, alinyoa ndevu, alipiga bati jipya juu ya paa la Mama, akaacha kuhubiri. Akawa mtu wa kusikiliza. Kwa kipimo chochote cha vitabu vile, alikuwa amefaulu. Lakini wazee walipokuja kuzungumzia mahari ya binti wa ukoo, walipita nyumba yake wakabisha kwa ndugu mdogo. Jirani aliyetaka mpaka wake upimwe alimtafuta ndugu mdogo. Wanawake waliokutana na kaka njiani walimwamkia kwa upole mwingi, ule tunaoweka akiba kwa waliofiwa. Yeye mwenyewe hakuonyesha kama ameona. Mama alikuwa akimpakulia chakula bila kumtazama usoni.

Namba ya yule kaka wa wifi, Ogwedhi, niliitafuta nikaipata, nikaipiga mara nyingi. Ama haikupatikana, ama mwanamume alipokea, akisikia sauti yangu anakata.

Ofisini mwezi uliisha, bosi akatusimamisha. Aliuliza nani ana ushuhuda wa maisha yaliyobadilishwa na kitabu. Sijui nini kilinisukuma, nikasema, "Kaka yangu. Alikuwa anaumwa tumbo, ameacha kuumwa. Alikuwa hasemi, sasa anasema. Amejua kuachilia."

Walinipigia makofi. Bosi alisema hiyo ndiyo maana ya ukuaji. Nikaenda msalani nikafungua bomba ili wasinisikie nikilia.

Mwezi wa tano, Jumamosi, nilikuwa nyumbani. Mahindi ya ndugu mdogo yalikuwa yamefika magotini, ya kijani kizito, na yeye alikuwa ndani yake anapalilia. Shamba la kaka ng'ambo ya njia lilikuwa limeota magugu. Mama na mimi tulikuwa tunachambua mboga. Kaka alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba yake anashona kiatu cha Mama, shati limepigwa pasi.

Tulisikia nduru kutoka barabarani. Nduru ya msiba, ile inayoanza juu na kukatika. Mama aliweka ungo chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, nami nikashika changu, kwa mazoea tu, maana kwetu nduru ikilia hungoji kuuliza ni ya nani.

"Nani amekufa?" Mama aliuliza.

Nduru ilikuwa inakuja kwetu. Nikaitambua sauti kabla sijamwona mtu. Wifi alikuwa ameteremka barabarani na mzigo wake, akaingia kwenye njia ile iliyo katikati ya mashamba mawili. Akatazama kulia, akaona mahindi ya shemeji yake yamesimama. Akatazama kushoto, akaona magugu ya mume wake. Hakuhitaji kumwuliza mtu. Ameolewa kwetu, anajua kusoma.

Aliingia uani anakimbia, mzigo ameuacha huko, leso imefunguka, mikono kichwani.

"Uwi! Uwi, jaoda! Mume wangu! Mlimzika bila mimi! Mlinificha! Nilisema ninakuja, wifi, si nilikwambia ninakuja!"

Alinijia mimi kwanza. Nilimshika. Nilijaribu kumgeuza aone.

Kaka alikuwa amesimama, kiatu cha Mama mkononi, sindano inaning'inia kwenye uzi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukielewa jambo polepole vile. Alitazama shamba lake, labda kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

"Niko hapa," alisema.

Wifi alimwona. Nduru ikakatika katikati. Alimtazama kutoka viatu hadi kichwa, ndevu zilizonyolewa, shati lililonyooka. Kisha akamtazama ndugu mdogo, aliyekuwa ametoka kwenye mahindi akasimama pembeni na jembe, machozi yanamtoka. Kisha Mama, ambaye hakuinua macho. Wifi alitungoja tumwambie ni makosa, kwamba mbegu zilichukuliwa na maji, kwamba amechanganya mashamba. Hakuna aliyesema.

Akaketi chini palepale alipokuwa, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wajane, akaanza kulia upya. Haikuwa nduru sasa, kilikuwa kilio cha chini, cha siku ya pili ya msiba. Na Mama, aliyekuwa hajatoa chozi tangu neno lile litamkwe, alienda akaketi kando yake, akaegemeza bega, wakalia pamoja.

Kaka aliwakaribia hatua chache, akasimama juu yao. "Niko hapa," alisema tena. Hawakumjibu.